Uta wa Mtoto kama Mtaala: Utengenezaji, Ujuzi na Sera katika Jamii ya Wahadzabe

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi uta wa mti unavyotengenezwa kwa ajili ya mtoto, kwa kurejelea jamii ya Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Hoja kuu ni kwamba uta wa mtoto si kifaa cha kuchezea wala si uta wa mtu mzima uliopunguzwa urefu. Ni kifaa kinachokadiriwa upya kila mwili wa mtoto unapokua, na katika kukadiriwa huko mtoto hufundishwa mti, moto, mshipa wa mnyama na kipimo. Makala yanaonyesha kuwa kinachokabiliwa na hatari zaidi leo si ustadi wa kulenga shabaha bali ni ustadi wa kutengeneza. Kwa hiyo yanapendekeza kwamba sera za elimu, ardhi, wanyamapori na urithi wa utamaduni zilinde mchakato wa utengenezaji badala ya kuridhika na kuhifadhi kifaa kilichokwisha kutengenezwa.

Maneno muhimu: uta, upote, Wahadzabe, maarifa ya jadi, urithi wa utamaduni usioshikika, elimu

1. Utangulizi

Mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa uta wake wa kwanza akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Kuanzia hapo, uta haumtoki mkononi. Huurushia mshale kibuyu kilichotupwa, kisiki, jani, mjusi na ndege, peke yake au pamoja na watoto wenzake, kwa saa nyingi za kila siku. Anapofikia umri wa miaka kumi huwa na uwezo wa kujipatia ndege na wanyama wadogo kama pimbi. Anapokaribia utu uzima huanza kubeba mishale yenye vyembe vya chuma na yenye sumu, na uta wake huwa ni uta wa mwindaji.

Wahadzabe wanakadiriwa kuwa kati ya watu 1,000 na 1,500. Lugha yao, Kihadza, ina sauti za kidoko, na wanaisimu wengi wa leo huihesabu kuwa lugha isiyo na ndugu anayejulikana. Maandishi juu ya jamii hii ni mengi kuliko idadi ya watu wake. Miongoni mwa yanayotajwa mara nyingi ni kitabu cha James Woodburn kuhusu vifaa vya Wahadzabe, kilichochapishwa na British Museum mwaka 1970, na kitabu cha Frank Marlowe cha mwaka 2010. Hata hivyo, katika mijadala ya sera ya kanda yetu, uta huonekana kwa sura mbili tu: ama kama silaha inayohitaji kudhibitiwa, ama kama kumbukumbu ya utamaduni inayofaa kuuzwa kwa watalii. Sura ya tatu, ya uta kama njia ya kumlea na kumfundisha mtoto, haijapewa nafasi inayostahili.

Makala haya yanajaribu kuijaza nafasi hiyo. Hayawasilishi takwimu mpya za uwandani. Yanaunganisha mambo matatu yaliyozoeleka kujadiliwa mbalimbali: maelezo ya kiethnografia kuhusu Wahadzabe, kanuni za kimakanika za kupindika kwa mti, na msamiati wa Kiswahili unaohusu uta. Mambo hayo yakiwekwa pamoja, mshauri wa sera ataweza kuona ni nini hasa kinachopotea pale mtoto anapokua bila kutengenezewa uta.

2. Kwa nini uta wa mtoto si uta mkubwa uliokatwa

Mtu asiye fundi huweza kudhani kwamba kumtengenezea mtoto uta ni jambo jepesi: chukua uta wa baba, ukate nusu, mpe mtoto. Kanuni za kupindika kwa mti zinakataa jambo hilo. Ugumu wa ufito hubadilika kinyume na mchemraba wa urefu wake. Maana yake ni kwamba ufito wenye unene uleule ukikatwa nusu, kuupinda kwa kiasi kilekile kunahitaji nguvu mara nane ya ile ya awali. Uta uliokatwa nusu hauwi wa mtoto. Huwa gongo ambalo hata baba mwenyewe hataweza kulivuta.

Njia ya pili ni kupunguza vipimo vyote kwa pamoja, yaani urefu na unene. Uta wenye nusu ya urefu na nusu ya unene wa uta mkubwa, ukivutwa nusu ya umbali, hudai robo ya nguvu. Nyuta za watu wazima wa Kihadzabe zinafahamika kwa ukali wake. Kwa wastani, kuuvuta uta mmoja hadi mwisho ni sawa na kuinua uzito wa takriban kilo 30, na baadhi yake huzidi kiwango hicho kwa mbali. Robo ya kilo 30 ni kilo saba na nusu. Mtoto wa miaka minne hawezi kuvuta uzito huo kwa vidole vyake na kuushikilia huku akilenga. Hivyo basi, uta wake ni lazima uwe mwembamba kuliko hata ule uliopunguzwa kwa uwiano sawa.

Hapa ndipo ustadi wa fundi unapoonekana. Ufito wa mviringo hubadilisha ugumu wake kwa kufuata kipeo cha nne cha kipenyo. Fundi akipunguza kipenyo kwa sehemu moja ya kumi tu, uta hupoteza zaidi kidogo ya theluthi moja ya ugumu wake. Kwa uta wa mtoto, ambao wenyewe ni mwembamba, sehemu hiyo ya kumi ni milimita moja au mbili, yaani mikwaruzo michache ya kisu. Uta wa mtu mzima humvumilia fundi mwenye haraka, lakini uta wa mtoto haumvumilii. Kwa sababu hiyo si sahihi kuuona uta mdogo kuwa kazi ya kujifunzia inayoachiwa mtu asiyejua. Kwa kipimo cha makosa yanayoruhusiwa, uta mdogo ni kazi nyeti zaidi.

3. Hatua za utengenezaji

3.1 Kuchagua mti

Utengenezaji huanzia porini. Mti unaofaa ni ule wenye nyuzi ndefu zilizonyooka, unaopindika bila kukatika na kurudi ulipokuwa baada ya kuachiwa. Katika nyika za Afrika Mashariki, jamii nyingi hutumia mikole, yaani miti ya jenasi ya Grewia, kwa kazi za fito, pinde na mishale. Katika nchi ya Wahadzabe mikole ina faida nyingine, kwa kuwa matunda yake madogo huliwa na watu wa rika zote. Mtoto anaufahamu mti huo kwa mdomo kabla ya kuufahamu kwa mkono.

Kwa uta wa mtoto hutafutwa chipukizi au tawi jembamba, lililonyooka, lisilo na vifundo katika sehemu ya kati. Kifundo ni mahali ambapo nyuzi za mti hupinda na kuzunguka. Uta ukivutwa, nguvu hujikusanya hapo na mti huvunjika. Urefu hukadiriwa kwa mwili wa mwenye uta na si kwa kipimo cha karatasi. Kanuni ya jumla ya utengenezaji wa nyuta za mti mmoja ni kwamba urefu wa uta usipungue mara mbili ya umbali ambao mshale utavutwa, na ni salama zaidi ukizidi hapo. Mtoto husimama, ufito husimamishwa kando yake, mkono wake hunyooshwa, na fundi hupata jibu.

3.2 Kuchonga na kulinganisha

Baada ya kukatwa, ufito huondolewa gamba na kuchongwa kwa kisu. Kuna kanuni moja inayotawala hatua hii. Uta unapovutwa, upande unaoelekea mbele, kwenye shabaha, hunyooshwa, na upande unaomwelekea mpigaji hubanwa. Mti huvumilia kubanwa kwa namna yake, lakini uzi uliokatwa katika upande unaonyooshwa huanza kuchanika. Kwa hiyo upande wa mbele huachwa na nyuzi zake kamili kadiri inavyowezekana, na kisu hufanya kazi zaidi upande wa ndani na kuelekea ncha mbili.

Sehemu ya kati, inaposhikwa na mkono, huachwa nene. Kutoka hapo unene hupungua taratibu kwenda kila ncha. Kila baada ya mikwaruzo michache fundi huupinda ufito kidogo na kuutazama: je, mikono miwili ya uta inapinda sawasawa? Palipo pagumu hukwaruzwa, na palipo palaini huachwa. Hapo hakuna rula. Jicho na kiganja ndivyo vipimo, na mtoto aliyechutama kando ya fundi huona uamuzi ukifanywa mara ishirini au thelathini katika alasiri moja.

Moto hutumika kunyoosha palipopindika. Ufito hupashwa juu ya majivu ya moto au makaa hadi uwe laini, kisha hunyooshwa kwa mikono au kwa kubanwa na kushikiliwa hadi upoe. Mafuta ya mnyama hupakwa ili mti usikauke kwa haraka na kupasuka. Wahenga walituusia kumkunja samaki angali mbichi. Kwa uta usia huo unafaa nusu tu: huchongwa ungali mbichi, lakini haujaribiwi kwa nguvu zote mpaka umekauka, kwani uta uliovutwa sana ungali na maji hujipinda na kubaki hivyo.

3.3 Upote

Kamba ya uta, ambayo kwa Kiswahili huitwa upote, kwa Wahadzabe hutokana na mishipa mikavu ya wanyama wakubwa. Mshipa hukaushwa, huchambuliwa kuwa nyuzi, hulainishwa na kusokotwa. Upote una nguvu nyingi kwa wembamba wake, na hauvutiki ovyo uta unapoachiwa. Adui yake ni maji, kwani ukilowa hulegea. Kwa uta wa mtoto upote mwembamba unatosha, na kipande kilichobaki katika kutengeneza uta wa mkubwa huweza kutumika. Kwa namna hiyo uta wa mtoto hutegemea windo la mkubwa, na mtoto hujua mshipa ulioko mkononi mwake ulitoka kwa mnyama gani.

3.4 Mshale

Mshale wa mtoto hauna chembe cha chuma wala sumu. Ni wano, yaani uti wa mshale, ulionyooshwa kwa moto na kwa meno, ukachongwa ncha ya mti, na mara nyingi ukafungwa manyoya upande wa nyuma ili uende sawa. Wakubwa hutengeneza vyembe kwa kuponda misumari wanayoipata kutoka kwa majirani, bila tanuri. Hutengeneza pia sumu kutokana na mimea, ikiwemo mdagu, yaani Adenium. Vyote viwili huja baadaye, mtoto akishaonekana kuwa na mkono wa kutosha na akili ya kutosha. Mpangilio huu ni wa usalama na pia ni wa elimu. Hatari huongezwa kwa hatua, kama ugumu wa uta unavyoongezwa kwa hatua.

4. Mfululizo wa nyuta

Mtoto hukua na uta haukui. Baada ya muda uta wa kwanza huwa mfupi kwa mkono wake, na iwapo ataendelea kuuvuta kwa mkono uliorefuka, utavunjika. Lazima atengenezewe mwingine, kisha mwingine. Kati ya uta wa kwanza wa miaka mitatu na uta wa mwindaji kuna mfululizo wa nyuta kadhaa, kila mmoja mrefu kidogo na mgumu kidogo kuliko uliotangulia.

Mfululizo huu ndio unaotufanya tuuite uta wa mtoto mtaala. Mtaala wowote una mambo manne: maudhui, mpangilio kutoka jepesi kwenda gumu, mwalimu, na tathmini. Maudhui hapa ni mti, moto, mshipa na mwendo wa mnyama. Mpangilio umo katika unene wa ufito. Walimu ni baba, babu, mjomba au kaka, ambao hutumia sehemu kubwa ya muda wao wa kambini wakinyoosha mishale na kukarabati nyuta mbele ya watoto. Tathmini ni mshale wenyewe, kwani ama umefika ama haukufika. Tena kila uta mpya hurudia somo zima tangu mwanzo. Katika uta wa kwanza mtoto ni mtazamaji. Katika wa pili hushika kisu kwa muda mfupi. Katika wa tatu huagizwa kwenda kutafuta ufito na kuambiwa kwa nini aliouleta haufai. Hatimaye hujitengenezea mwenyewe, na kisha humtengenezea mdogo wake.

Ni vyema kuongeza kwamba watoto wa kike wa Kihadzabe nao wana mfululizo wao, unaofuata fimbo ya kuchimbia mizizi, ambayo huchongwa, huchomwa ncha kwa moto na kukadiriwa kwa mwili wa mchimbaji. Sera itakayoutazama uta peke yake itakuwa imeona nusu ya shule.

5. Shule ya bweni na swali la shabaha

Katika mijadala ya elimu ya jamii za wawindaji, kauli mbili hukabiliana. Ya kwanza husema kwamba shule humnyang'anya mtoto ujuzi wa kuishi porini. Ya pili husema kwamba ujuzi huo hauna nafasi tena, kwa hiyo hakuna kilichonyang'anywa. Ushahidi uliopo hauungi mkono kauli hizi moja kwa moja.

Mwaka 2002, Nicholas Blurton Jones na Frank Marlowe walichapisha utafiti uliouliza iwapo ni kweli kwamba ujuzi wa kuwinda na kuchimba huhitaji miaka ishirini ya kujifunza. Waliwapima Wahadzabe katika kazi kama kulenga shabaha kwa uta na kuchimba mizizi, wakawalinganisha waliopoteza miaka ya porini kwa kwenda shule ya bweni na wenzao waliobaki. Hawakupata ushahidi kwamba waliokwenda shule walikuwa dhaifu zaidi katika kazi walizopimwa. Nguvu za mwili na umri vilionekana kuwa na uzito mkubwa.

Baadhi ya watetezi wa utamaduni huyapuuza matokeo haya kwa sababu yanaonekana kuwadhoofisha. Makala haya yanayachukulia kuwa msaada. Kwanza, yanaondoa hofu kwamba mtoto ni lazima achague kati ya kalamu na uta. Pili, yanatuelekeza mahali penye hatari halisi. Kulenga shabaha ni ustadi wa mwili, na mwili wa kijana mwenye nguvu huweza kuupata au kuurudia. Lakini majaribio hayo yalipima kulenga kwa uta uliokwisha kutengenezwa. Kupima shabaha si kupima utengenezaji, na swali la nani aliyeuchonga uta huo linabaki palepale.

Kutengeneza kunahitaji mambo matatu yasiyorudi kwa nguvu za mwili: mti uliopo na unaoruhusiwa kukatwa, mshipa unaopatikana kwa halali, na fundi aliye karibu kwa wakati unaotakiwa. Mtoto aliyeondoka nyumbani akiwa na miaka saba na kurudi akiwa na kumi na minne amepitwa na nyuta kadhaa zilizokuwa zitengenezwe kwa kipimo chake. Huenda atalenga vizuri, lakini hakuwepo fundi alipokuwa akikwaruza na kutazama. Zaidi ya hayo, fundi naye amepoteza sababu ya kutengeneza, kwa kuwa mafundi wa nyuta ndogo hutengeneza pale tu penye mtoto wa kumtengenezea. Kizazi kimoja kikipita hivyo, kijana mwenye shabaha nzuri atalazimika kuununua uta, na wa kumuuzia hatakuwepo.

6. Msamiati: Kiswahili kimehifadhi nini?

Wanaisimu wana sababu ya ziada ya kulitazama suala hili. Kiswahili chenyewe kina msamiati mpana wa uta. Kuna uta na wingi wake nyuta au mata, na kuna upinde. Kuna upote na ugwe kwa kamba, wano kwa uti wa mshale, chembe na kigumba kwa ncha yake, podo na ziaka kwa mfuko wa mishale. Maneno haya hayakuingia katika lugha kwa bahati. Katika masimulizi ya pwani, Fumo Liyongo anakumbukwa kwa uta wake kama anavyokumbukwa kwa ushairi wake, na masimulizi hayohayo yanawataja Wasanye na Wadahalo, watu wa mwituni waliojulikana kwa uwindaji.

Hata hivyo, msomaji wa leo wa Kiswahili, hasa wa mjini, hujua upinde na mshale tu. Upote na wano yamebaki katika kamusi na katika tungo za kale. Tukumbuke kwamba neno la fundi hubeba uamuzi wa fundi. Asiyekuwa na jina la kamba ya uta zaidi ya "kamba" hana njia fupi ya kueleza kwa nini kamba ya katani na upote havifanani. Kwa upande wa Kihadza hali ni nyeti zaidi, kwa sababu majina ya miti, ya sehemu za uta na ya aina za mishale hayana pengine pa kuhifadhiwa isipokuwa katika vinywa vya wasemaji wachache. Kurekodi maneno hayo nje ya kazi, kwa kuuliza "hiki mnakiitaje?", hutoa orodha. Kuyarekodi fundi akiwa kazini hutoa orodha hiyo pamoja na maana yake.

7. Sheria, ardhi na funzo la Kenya

Uta hauwezi kutengwa na sheria za ardhi na wanyamapori. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati ya hakimiliki ya kimila kwa eneo la zaidi ya hekta 20,000. Kwa mtazamo wa makala haya, hati hiyo ni hati ya elimu pia, maana bila mikole hakuna uta. Kwa upande mwingine, uwindaji nchini Tanzania husimamiwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na upatikanaji wa mishipa ya kutengenezea upote hutegemea jinsi sheria hiyo inavyotekelezwa kwa jamii inayoishi kwa kuwinda.

Kenya inatupa mfano wa kinachoweza kutokea. Wawaata wa nyika iliyo nyuma ya pwani walikuwa miongoni mwa mafundi wa nyuta kali kupita zote Afrika Mashariki, nyuta zilizoweza kumwangusha tembo kwa mshale wa sumu. Mbuga ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948 katika sehemu ya nchi yao ya uwindaji. Katika miaka ya 1950 operesheni kali dhidi ya ujangili ziliwaangukia wao hasa. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana uliokusudia kuwapa njia halali ya kunufaika na wanyama, lakini haukudumu kama ulivyokusudiwa, na mwaka 1977 uwindaji ulipigwa marufuku nchini kote. Uta uligeuka kuwa ushahidi wa kosa. Mzazi anayejua kwamba kifaa fulani humpeleka mtu kizuizini hana sababu ya kumtengenezea mwanawe mfano wake mdogo.

Makala haya hayatetei ujangili, wala hayadai kwamba tembo wangeachwa bila ulinzi. Yanadai jambo dogo zaidi. Sheria inayolenga uta wa mtu mzima huufikia pia uta wa mtoto bila kuutaja, na watunga sheria hawakuwahi kuulizwa kama walikusudia hivyo.

8. Mapendekezo

Nchi za kanda hii zimekwisha kujifunga kwa ahadi zinazotosha kuwa msingi wa utekelezaji. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa Kulinda Urithi wa Utamaduni Usioshikika unautaja ufundi wa jadi pamoja na maarifa yanayohusu maumbile, na umeridhiwa na Kenya mwaka 2007, Uganda mwaka 2009 na Tanzania mwaka 2011. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara za 30 na 31, unalinda haki ya mtoto wa jamii ya asili kufurahia utamaduni wake na haki ya kila mtoto kucheza. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Kwa msingi huo tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, uhifadhi ulenge mchakato. Uta mmoja katika kabati la makumbusho hauonyeshi mfululizo. Panapokusanywa vifaa, zikusanywe nyuta za mtoto mmoja za umri mbalimbali, pamoja na rekodi ya sauti na picha ya kila hatua, kwa ridhaa ya jamii na kwa umiliki wake.

Pili, kalenda ya shule za bweni zinazopokea watoto wa jamii za wawindaji izingatie misimu ya kazi hii, na mafundi wazee waalikwe kufundisha shuleni kwa malipo ya haki, kama wanavyolipwa wakufunzi wengine wa stadi za kazi.

Tatu, kanuni za wanyamapori na misitu zitofautishe kwa maneno ya wazi uta wa mtoto na zana ya kuwindia. Aidha, ziweke njia halali ya kupata fito na mishipa, ikiwemo mishipa ya wanyama waliokufa kwa sababu nyingine.

Nne, vyombo vya Kiswahili vya kanda vishirikiane na wasemaji wa Kihadza kukusanya istilahi za uta katika lugha zote mbili, kazi hiyo ikifanyika palipo na moto na kisu.

Tano, fimbo ya kuchimbia ya mtoto wa kike ipewe uzito uleule katika kila mpango utakaohusu uta.

9. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uta wa mtoto ni kazi nyeti kuliko uta wa mkubwa, kwamba hurudiwa kadiri mtoto anavyokua, na kwamba katika kurudiwa huko ndimo maarifa yanamohamia kutoka kizazi hadi kizazi. Tumeonyesha pia kwamba shule haimnyimi mtoto shabaha. Kinachoweza kumkosesha ni nafasi ya kukaa kando ya fundi. Nafasi hiyo inategemea ardhi, sheria, kalenda na lugha, na yote manne yako mikononi mwa wasomaji wa makala haya. Wazee wanaojua kukadiria ufito kwa mkono wa mtoto wa miaka mitatu bado wapo, na watoto wa umri huo wapo. Kazi ya sera ni kuhakikisha kwamba hao wawili wanakutana.